Mwembe wa Nyumbani: Chagua Aina Kwanza, Ndipo Ushike Jembe

Maembe yakianza kujaa sokoni, maswali huja yale yale. "Nimekula embe tamu nikaotesha kokwa lake, litazaa lini?" "Mwembe wangu una miaka kumi, majani tele, ua hata moja sijaliona." "Maua yalitoka vizuri, ghafla yakawa meusi yakapukutika." Nayajibu hapa kwa pamoja, kwa ajili ya mtu anayepanda mti mmoja au mitatu uani kwake. Mwenye ekari nyingi ana hesabu nyingine.

Niseme wazi ninavyoamini: miembe mingi ya majumbani inayosumbua iliharibikiwa siku ya kuchagua mche na siku ya kuchagua mahali. Dawa na mbolea haziwezi kurekebisha hayo mawili. Mti huu utakaa hapo hata wajukuu zako wauone, kwa hiyo usione tabu kutumia wiki mbili tatu kuuliza na kuonja kabla ya kuchimba.

Kuchagua aina

Usidanganywe na rangi ya tunda. Jiulize nani atayala hayo maembe, hali ya hewa ya kwenu ikoje, na uwanja wako una nafasi gani.

Kwa kula nyumbani, za kwetu hazijapitwa. Dodo ni kubwa, lina maji na harufu yake, ingawa lina nyuzi kiasi. Watoto hawajali nyuzi. Mwembe wake huwa mkubwa, hivyo uwe na nafasi. Bolibo, ambalo Wakenya huliita boribo, ni refu na zito, moja linatosha watu wawili. Ngowe, linalojulikana sana Unguja na Lamu, ni refu lenye ncha iliyopinda, nyama yake ya rangi ya chungwa na laini. Ukilikata halikuachii nyuzi kwenye meno. Anayependa embe la kukata kwa kisu na kuliweka mezani kwa wageni, mimi humwelekeza kwenye ngowe kabla ya embe lolote la kigeni.

Apple ni embe la mviringo, la manjano lenye wekundu begani, halina nyuzi, na soko lake ni zuri. Wakulima wa Makueni na Machakos wamelipanda kwa wingi, na kule ukavu unalifaa. Lakini linashambuliwa kirahisi na chule na ubwiri unga, magonjwa nitakayoyaeleza mbele. Ukiwa Tanga au Unguja, ambako hewa ina unyevu mwingi, ujue utapulizia dawa kila msimu wa maua au utavuna kidogo.

Kisha kuna zile zinazoitwa za kisasa, nyingi zikiwa na asili ya Florida, Marekani. Tommy Atkins linapendwa na wafanyabiashara kwa sababu ngozi yake ni ngumu, linasafiri mbali na kukaa siku nyingi bila kuoza. Kwa utamu silisifii. Lina nyuzi na ladha yake ni ya wastani. Usilipande uani kwa sababu tu uliliona linang'aa dukani. Kent ni tamu zaidi, nyama laini, karibu halina nyuzi. Keitt ni kubwa, hubaki na ukijani hata likiwa limeiva, na huchelewa kuliko mengine mengi. Kuchelewa huko ni faida kwako: ukiwa na dodo au apple pamoja na Keitt, utakula maembe kwa wiki nyingi zaidi, na ya mwisho utayauza wakati sokoni yameadimika.

Mwenye nafasi ya mti mmoja achukue ngowe au Kent. Mwenye nafasi ya miwili aongeze Keitt. Anayependa achari na embe bichi la chumvi na pilipili asitupe mwembe wa kienyeji uliokwishakuwepo uani. Maembe yake machanga yenye uchachu ndiyo yanayofaa. Mapishi hayo ni ya kale kwenye pwani yetu. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliyakuta maembe mabichi ya kuchachusha yakiliwa pamoja na wali.

Kuhusu hali ya hewa: mwembe unastawi kuanzia usawa wa bahari hadi mita 1,200 hivi. Juu ya hapo huanza kusuasua, na kwenye baridi ya Njombe au Limuru utapata kivuli tu. Mwembe pia unahitaji miezi miwili au mitatu mikavu ili utoe maua. Mahali ambapo mvua haikatiki utaota majani mwaka mzima.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mche wa kubebesha, yaani mche wa kokwa uliounganishwa juu yake kijitawi cha mwembe wa aina unayoitaka, kutoka kitalu unachokiamini. Vyuo na vituo vya utafiti wa kilimo, kama SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, ni mahali pazuri pa kuulizia.
- Jembe, sururu na koleo.
- Debe moja au mawili ya samadi iliyooza kabisa, au mboji.
- Mbolea ya kupandia yenye fosfati, kama Minjingu au TSP, viganja viwili.
- Nyasi kavu au majani ya matandazo.
- Kijiti cha kuegemeza mche na kamba laini.
- Mkasi wa kupogolea au kisu kikali, na spiriti ya kukisafishia.
- Maji ya uhakika kwa kiangazi cha kwanza na cha pili. Kama huna, subiri mwaka utakaokuwa nayo.

Hatua kwa hatua

1. Pima mahali. Mwembe unataka jua la siku nzima. Kaa mita 5 au zaidi kutoka ukuta wa nyumba, na usisogelee shimo la choo, karo wala bomba la maji. Tazama juu pia. Nyaya za umeme zinazopita hapo leo zitakuwa kesi miaka sita ijayo. Kati ya mwembe na mwembe acha mita 8. Ukiwa mtu wa kupogolea kila mwaka bila kukosa, mita 6 zinatosha. Usipande panapotuama maji. Kupima, chimba kishimo kifupi, kijaze maji jioni. Ukiyakuta asubuhi, hama.

2. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, mwezi mmoja kabla ya mvua. Udongo wa juu uweke kulia, wa chini kushoto, usivichanganye.

3. Changanya na ujaze. Udongo wa juu uchanganye na samadi na ile fosfati, urudishe shimoni hadi lijae na kupanda kidogo juu ya usawa wa ardhi, kwa maana utashuka. Samadi mbichi ni kosa linaloua miche mingi: inaunguza mizizi na kuita mchwa. Samadi iliyooza haina joto, haina harufu kali, na huwezi kutofautisha tena majani yaliyomo.

4. Kagua mche kabla ya kulipa. Tafuta kovu la kubebesha, sentimita 20 hivi juu ya udongo. Liwe limefunga vizuri, bila ufa. Mche uwe na majani ya kijani yaliyokomaa. Wenye majani machanga mekundu uache wiki chache, kwani ukihamishwa katika hali hiyo hunyauka. Mizizi ikiwa imetoboa mfuko na kujisokota chini, mche huo umekaa kitaluni muda mrefu mno, chagua mwingine. Uliza aina kwa jina na, ukiweza, omba uonyeshwe mwembe mama ulikotolewa kikonyo, kile kijitawi kilichobebeshwa. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

   Wengi huniuliza kama kovu lina umuhimu kiasi hicho. Lina umuhimu. Mche wa kokwa huweza kuchukua miaka sita hadi kumi kabla ya kuzaa, na embe lake laweza lisifanane na lile ulilolipenda. Uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na tunda ni lile lile la mama. Miembe ile mirefu ya Ujiji na Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo, inavutia kweli, lakini si ukubwa unaouhitaji karibu na dirisha lako.

5. Panda jioni, mvua zikishaanza. Chana mfuko kwa wembe, uuondoe wote, shika donge la udongo lisivunjike. Mche ukae kimo kile kile ulichokaa kwenye mfuko; kovu la kubebesha lisifukiwe kamwe. Shindilia kwa mikono, si kwa kisigino. Mwagia ndoo moja, kisha uegemeze kwenye kijiti kwa kamba iliyolegea.

6. Tandaza na umwagilie. Matandazo yaenee upana wa mita moja, lakini yaache nafasi ya kiganja kuzunguka shina; yakiligusa, huliozesha na kuleta mchwa. Mwaka wa kwanza, kama hakuna mvua, mpe mche lita 10 hadi 20 mara mbili kwa wiki. Maji mengi kwa mara chache ni bora kuliko kikombe kila siku, maana mizizi hufuata maji chini.

7. Kata kichwa. Hapa ndipo watu huogopa. Mche ukifika mita moja, kata ncha yake. Yatachipua matawi mengi. Acha matatu au manne yaliyotazama pande tofauti na yasiyotoka sehemu moja, mengine ondoa. Matawi hayo yakifika nusu mita, yakate ncha tena. Ukifanya hivi miaka miwili ya mwanzo utakuwa na mwembe mfupi mpana, utavuna ukiwa umesimama chini. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu la kubebesha ling'oe mara moja. Hilo ni la mti wa kienyeji uliobeba kikonyo, na likiachwa huimeza aina uliyoinunua. Mtu anayelalamika kwamba alinunua Kent akavuna maembe madogo ya nyuzi, mara nyingi chanzo ni hicho.

8. Toa maua ya mwanzo. Mche wa kubebesha waweza kutoa maua mwaka wa kwanza, ukiwa kimo cha kiuno. Yakate. Mwaka wa pili pia. Najua inauma, lakini mche unaobebeshwa matunda mapema hudumaa.

9. Lisha kwa kiasi. Debe moja la samadi kwa mwaka linatosha mwembe mdogo, ukiongeza hadi matatu au manne unapokua. Iweke mvua zinapoanza, chini ya ncha za matawi, sio kwenye shina. Usiupe urea mwembe mkubwa kwa kudhani unausaidia kuzaa. Unaupa majani.

10. Unyime maji kabla ya maua. Mwembe uliofikia umri wa kuzaa, acha kuumwagilia miezi miwili au mitatu kabla ya msimu wa maua wa kwenu. Kwa maeneo mengi ya Tanzania maua huonekana kati ya Juni na Septemba, kipupwe kikiwa kimepita au kinaendelea. Ukavu na ubaridi ndivyo vinavyouambia mti uache majani utoe maua. Bustani ya maua au mboga chini ya mwembe, inayomwagiliwa kila jioni, ni sababu kubwa ya miembe ya mjini kutozaa. Rudisha maji vijitunda vikifikia ukubwa wa njegere.

11. Linda maua. Mashada yanapoanza kuchomoza, yatazame kila baada ya siku mbili. Unga mweupe ni ubwiri unga, na tiba yake ni salfa, ile ile inayotumika kwenye mikorosho Mtwara. Ianze mapema, kwani shada likishakuwa jeupe lote umechelewa. Madoa meusi yanayoungana na kukausha shada ni chule. Hapo hutumika dawa zenye kopa. Soma kibandiko, vaa barakoa na glovu, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Usipulizie dawa ya wadudu maua yakiwa yamefunguka, maana inzi na nyuki wanaotembea hapo ndio wanaoyachavusha.

12. Vuna pamoja na kikonyo, hapa nikimaanisha kile kijiti kinacholishika tunda mtini. Embe lililopevuka mabega yake huinuka juu ya shina la kikonyo, na ngozi hupoteza ule ubichi mkali. Kata moja ujaribu: nyama ikiwa imeanza njano karibu na kokwa, mengine yako tayari. Acha kikonyo cha sentimita mbili, liinamishe embe utomvu umwagikie chini. Utomvu huo huchoma ngozi ya tunda na ya mtu. Ukikugusa, osha kwa sabuni mara moja. Maembe yaive yenyewe kivulini, ndani ya kapu au boksi. Usikubali mtu akushauri kuyaivisha kwa kabaidi, ile kemikali ya kuivisha matunda haraka.

Ukitaka kubebesha mwenyewe

Hii ni kazi inayofundishika kwa mikono, hata hivyo misingi yake si migumu. Kokwa la embe la kienyeji livue ganda lake gumu, lipande ndani ya siku chache, upande uliopinda ukitazama juu. Mche ukifikia unene wa penseli, baada ya miezi minane hadi mwaka, uko tayari.

Kikonyo, yaani kijitawi cha kubebesha, kichukue kwenye mwembe unaozaa na unaojua ladha yake, chenye unene sawa na mche, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Siku saba hadi kumi kabla ya kukikata, toa majani yake kikiwa bado mtini ili jicho lake livimbe. Kata mche sentimita 20 juu ya udongo, upasue katikati kwa sentimita 3, chonga kikonyo pande mbili kama kabari, kipachike. Gome la kikonyo likutane na gome la mche angalau upande mmoja. Yasipokutana hakuna kitakachoshika. Funga kwa utepe wa nailoni kwa nguvu, kivike nailoni nyembamba ya barafu, uweke kivulini. Baada ya wiki tatu hadi sita utaona chipukizi. Ondoa nailoni ya juu hapo, na utepe uache mpaka kovu likaze.

Njia hii inaokoa mwembe mzee usiopendeza. Ukate wote mita moja na nusu kutoka chini, paka chokaa kisiki kisiungue na jua, subiri machipukizi, bakiza matano au sita yenye nguvu, yabebeshe aina unayoitaka. Mizizi ni ya zamani na ina nguvu, kwa hiyo mavuno hurudi mapema kuliko kupanda upya.

Mambo yakienda kombo

*Mti mkubwa, hauna maua.* Kama ni wa kokwa, huenda umri bado. Kama umri umefika, angalia maji, mbolea na kivuli, kwa mpangilio huo. Fungua katikati ya mti baada ya mavuno ili jua liingie. Kuukata panga gomeni au kuupigilia misumari ni kuufungulia mlango wa kuoza, acha.

*Vijitunda vinadondoka vikiwa vidogo.* Mwembe hutoa maua maelfu na hauwezi kubeba yote, kwa hiyo kudondoka kwingi ni kwa kawaida. Hofia pale vyote vinapokwisha. Hapo tazama kama kuna chule, au kama maji yalichelewa kurudi.

*Majani yana masizi meusi.* Masizi hayo huota juu ya utamu unaotolewa na wadudu weupe wanaofanana na pamba. Ondoa matawi yaliyoathirika, osha mengine kwa maji ya sabuni laini. Kama mti una majimoto, wale sisimizi wakali wa rangi ya chungwa wanaoshona viota vya majani, fikiri mara mbili kabla ya kuwaua. Wanakula wadudu wengi waharibifu, na wao wenyewe hawali embe.

*Embe zima kwa nje, kokwa limetobolewa.* Huyo ni fukusi wa kokwa. Usiache makokwa yakizagaa chini ya mti.

*Mwaka huu yamejaa, mwaka ujao hakuna.* Baadhi ya aina zina tabia hiyo. Punguza matunda mwaka wa neema, na upogolee na kulisha mara tu baada ya mavuno.

*Maembe yana funza.* Hawa ni watoto wa inzi wa matunda. Aina inayosumbua zaidi ilitoka Asia na iligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Dawa ya kupulizia haimfikii funza aliye ndani. Okota kila embe lililodondoka, kila siku, uyafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki juani wiki mbili, au uyafukie nusu mita chini na zaidi. Tundika mitego yenye kivutio cha inzi dume, inapatikana kwenye maduka ya pembejeo. Vuna mapema kidogo, tunda likipevuka tu. Haya yote yatasaidia kidogo sana kama maembe ya jirani yanaozea chini ya mti wake, kwa hiyo ongea naye kabla msimu haujaanza, mkubaliane kuokota nyote, na umnunulie mitego miwili wakati unanunua yako.